Mrabaha Hufuata Jina: Ufafanuzi wa Namna Wanamuziki Huru wa Njombe na Makambako Wanavyoweza Kudai Mapato ya Kazi Zao

Ikisiri

Makala hii inafafanua njia ambazo mwanamuziki asiye na kampuni ya kumsimamia anaweza kuzitumia ili kupata mirabaha anayostahili. Miji ya Njombe na Makambako imechukuliwa kuwa mazingira ya ufafanuzi. Hoja inayojengwa ni kwamba mrabaha hupotea mapema kuliko inavyodhaniwa. Kwa sehemu kubwa haupotei redioni wala katika ofisi ya mgawanyo. Hupotea studio, siku ile wimbo unapotoka bila maandishi yanayoonesha nani alitunga, nani aliimba na nani anamiliki rekodi.

1.0 Utangulizi

Makambako ni njia panda. Hapo ndipo barabara iendayo Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia, na ndipo reli ya TAZARA inapopita. Abiria anayeshuka kula chakula huusikia muziki kutoka pande zote kwa wakati mmoja: runinga ya basi alilotoka, spika ya mgahawa anaoingia, bajaji inayosubiri wateja, na kibanda cha kijana anayeweka nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Takriban kilomita 60 kusini, mjini Njombe, hali ni hiyo hiyo, ila sauti za kwaya husikika zaidi. Mkoa huu una mizizi mirefu ya uimbaji wa kanisani, na kwaya nyingi hurekodi albamu na video kwa gharama za waumini wenyewe.

Katika mazingira haya, lalamiko la wanamuziki ni moja: wimbo unapigwa kila mahali, lakini mwenye wimbo haoni hata senti. Lalamiko hilo lina haki. Hata hivyo, limebeba ndani yake madai mengi tofauti ambayo kisheria hulipwa na watu tofauti, kwa njia tofauti na kwa ushahidi tofauti. Mwenye basi hadaiwi kwa njia ile ile ambayo kampuni ya simu inadaiwa. Mwanamuziki asiyetenganisha madai haya huishia kuilaumu taasisi isiyohusika, na anayehusika huendelea kutumia kazi yake bila bughudha.

2.0 Wimbo mmoja, mali mbili

Sharti la kwanza ni kutofautisha vitu viwili ambavyo katika mazungumzo ya kila siku vyote huitwa wimbo. Cha kwanza ni utunzi, yaani maneno na mahadhi. Cha pili ni rekodi ya sauti, yaani sauti zilizonaswa studio na kutoka katika faili. Mwalimu wa kwaya akitunga wimbo mmoja, kisha kwaya tatu za Njombe zikaurekodi kila moja kwa namna yake, utunzi utabaki mmoja ilhali rekodi zitakuwa tatu. Mwenye utunzi anastahili sehemu yake katika rekodi zote tatu. Mwenye rekodi anastahili katika rekodi yake peke yake.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, imejengwa juu ya tofauti hii, na jina lake lenyewe linaibeba. Hakimiliki ni ya mtunzi. Hakishiriki ni ya waimbaji na wapigaji ala, ya aliyegharimia na kusimamia rekodi, na ya vyombo vya utangazaji kwa matangazo yao. Mwanamuziki huru wa Makambako aliyetunga, akaimba na kuilipa studio kwa fedha zake anaweza kuwa mtunzi, mwimbaji na mmiliki wa rekodi kwa wakati mmoja. Anaposajili jambo moja tu kati ya hayo, mengine hubaki hayana mwenyewe katika vitabu vya walipaji.

Kimataifa, mali hizi mbili hutambulishwa kwa misimbo tofauti. Rekodi hupewa msimbo wa ISRC wenye herufi na tarakimu 12, na kila toleo jipya la wimbo ule ule huhitaji msimbo wake. Utunzi hupewa msimbo wa ISWC. Msomaji asiyependa mambo ya misimbo anaweza kuifikiria kama hereni za ng'ombe: mnyama akichanganyika na kundi la watu wengine, hereni ndiyo inayomtambulisha.

Lipo jambo ambalo hupotoshwa mara kwa mara. Ulinzi wa kazi hauanzi na usajili. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, na msingi wa mkataba huo, ambao pia umo katika sheria yetu, ni kwamba kazi hulindwa kwa sababu tu imebuniwa. Usajili ni ushahidi. Mkulima wa parachichi anaweza kulimiliki shamba kwa miaka 20 bila hati, lakini siku mgogoro ukitokea, au siku mnunuzi atakapouliza amlipe nani, ndipo thamani ya karatasi hujulikana.

Mfano wa Malaika, pengine wimbo wa Kiswahili uliosafiri kuliko nyimbo zote, unatosha. Fadhili William wa Kenya aliurekodi, Miriam Makeba akaupeleka duniani, na Boney M nao wakauimba. Pamoja na umaarufu huo wote, suala la nani hasa aliutunga limebaki na ubishi, kwani Adam Salim naye alidai kuwa yeye ndiye mtunzi. Kadiri wimbo unavyosafiri ndivyo inavyokuwa vigumu kurudi nyuma na kuandika jina ambalo halikuandikwa mwanzoni.

3.0 Milango mitatu isiyofanana

Msanii chipukizi akisema amejisajili, swali linalopaswa kufuata ni: wapi? Usajili katika Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, ni wa kumtambua mtu kuwa msanii na kumruhusu afanye shughuli za sanaa. Hausajili umiliki wa wimbo. Usajili wa kazi hufanyika katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, na huko kinachosajiliwa ni kazi moja moja pamoja na wamiliki wake.

Mlango wa tatu ni mpya zaidi na ndio unaowachanganya wengi. Tangu ilipoanza kazi, COSOTA ilisajili kazi, ikatoa leseni kwa watumiaji, ikakusanya mirabaha na kuigawa yenyewe. Mabadiliko yaliyoletwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 yaliigeuza kutoka chama kuwa ofisi ya usimamizi, na kuruhusu vyombo vya wenye haki wenyewe kupewa leseni ya kukusanya na kugawa mirabaha. Kwa upande wa muziki, TAMRISO ni chombo kilichoanzishwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo, mwanamuziki aliyesajili nyimbo zake COSOTA miaka ya nyuma asidhani kwamba jina lake limehamia kwa mkusanyaji lenyewe. Kujiunga na chombo cha ukusanyaji ni kitendo kingine: mwenye haki hutia saini kukiruhusu kimkusanyie, na huwasilisha orodha ya kazi zake. Kabla ya kutia saini, anapaswa kuuliza ni haki zipi anazozikabidhi, kwa muda gani, na anatokaje akitaka kutoka. Kenya ilitenganisha kazi hii kwa muda mrefu kati ya MCSK kwa watunzi, KAMP kwa wamiliki wa rekodi na PRISK kwa waimbaji na wapigaji ala. Msanii wa huko aliyejiunga na chama kimoja pekee aliacha nyuma fungu lililopitia vingine.

Fedha za mlango huu hutoka kwa watumiaji wa hadhara: redio, televisheni, hoteli, baa, mabasi, kumbi. Kanuni za mwaka 2003 za utoaji leseni za maonesho ya hadhara na utangazaji ndizo zilizoweka utaratibu wa watumiaji hao kulipia. Ni muhimu kuelewa kwamba mwenye mgahawa wa stendi hamlipi mwanamuziki moja kwa moja. Hulipia leseni, fedha huingia katika mfuko, na mfuko hugawanywa kwa kuangalia kumbukumbu za matumizi. Kituo cha redio kinapoandika orodha ya nyimbo kilizopiga, kinaandika kile kinachoonekana kwenye faili. Faili likiwa limeandikwa "wimbo mpya master final 2", hakuna mgawanyaji duniani atakayejua amlipe nani.

Kiasi nacho kisitiwe chumvi. Januari 2022 Serikali iligawa mirabaha ya takriban shilingi milioni 312 kwa wasanii waliozidi 1,000. Ukigawanya kwa usawa, hakuna ambaye angefikisha laki tatu na nusu. Na kwa kuwa mgawanyo hufuata matumizi, wengi walipata pungufu ya hapo. Kwa maoni yangu, takwimu hii haipaswi kumkatisha mtu tamaa wala kumpa ndoto. Inaonesha ukubwa wa mfuko wa wakati ule, na inaonesha pia kwamba waliolipwa ni wale ambao majina na kazi zao zilikuwa tayari zinafahamika kwa mlipaji.

4.0 Studio, mahali mrabaha unapopotelea

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa Makambako ana mashairi na kiitikio. Anaingia studio, mtayarishaji anamtengenezea biti, rafiki yake wa kike anaimba kiitikio, na mwenye duka la simu anachangia shilingi laki moja ya kurekodi. Wimbo unakamilika saa nne usiku, unatumwa kwa WhatsApp, na kesho yake uko redioni. Wako watu wanne, na kila mmoja ana sababu ya kuamini kwamba wimbo ni wake. Hakuna mwongo kati yao. Mtayarishaji aliyebuni mahadhi ya biti anaweza kuwa mtunzi mwenza. Mwimbaji wa kiitikio ana hakishiriki ya uimbaji wake, na kama alibadilisha maneno au sauti ya kiitikio, ana sehemu katika utunzi. Mwenye duka anaweza kudai rekodi, kwa kuwa aliigharimia.

Dawa yake ni karatasi moja inayotiwa saini kabla faili halijatoka studio. Iandikwe jina rasmi la kila mshiriki kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, jina lake la kisanii, alichofanya, na asilimia yake katika utunzi. Kando, iandikwe nani anamiliki rekodi na kwa asilimia ngapi. Kwa mfano, wanaweza kukubaliana kwamba utunzi ni asilimia 50 za kijana, 35 za mtayarishaji na 15 za mwimbaji wa kiitikio, na kwamba rekodi ni ya kijana pekee baada ya kumrudishia mwenye duka laki yake. Asilimia hizo si kanuni. Wangeweza kukubaliana vingine kabisa. Kisichofaa ni kuacha bila kukubaliana, kwa sababu mgogoro wa hisa huzuia malipo ya wote hadi utatuliwe.

Maneno "nimekulipa, biti ni yangu" nayo yanahitaji uangalifu. Malipo ya studio yanaweza kuwa ujira wa kazi, au bei ya kununua haki, au ruhusa ya kutumia tu. Uhamishaji wa haki za kiuchumi unapaswa kuwa wa maandishi. Haki ya kimaadili, yaani ya kutambuliwa kuwa mtunzi, haiuzwi pamoja nazo. Wanaochukua biti za bure mtandaoni wako katika hatari kubwa zaidi. Biti moja hukodishwa kwa mamia ya watu bila kumpa yeyote umiliki wa pekee, na msanii anayeiingiza katika mfumo wa YouTube wa kutambua maudhui kana kwamba ni yake hujikuta akigongana na wenzake waliokodi biti ile ile, na mapato ya video huzuiwa.

Katika miji midogo, watu husita kudaiana karatasi. Wote wanafahamiana, pengine wamekaa darasa moja au wanasali kanisa moja, na kumwambia rafiki atie saini huonekana kama kumshuku. Sidhani kwamba heshima hiyo ni ya kubezwa. Lakini watu hao hao, wanapouziana kiwanja, humwita mwenyekiti wa mtaa na mashahidi bila mtu kununa.

5.0 Fedha za mtandaoni na za simu

Majukwaa ya kusikiliza kama Boomplay, Audiomack na Spotify, ambayo iliingia Tanzania mwaka 2021, kwa kawaida hupokea nyimbo za wanamuziki huru kupitia wasambazaji wa kidijitali. Baadhi ya wasambazaji hutoza ada ya mwaka na wengine hukata asilimia ya mapato. Msambazaji ndiye anayetoa msimbo wa ISRC kama msanii hana, na ndiye anayelipwa kwanza. Hapa kosa kubwa ni la akaunti. Mara nyingi mtayarishaji au rafiki mwenye ujuzi hufungua akaunti kwa barua pepe na namba yake ya simu, kwa nia njema kabisa. Kwa msambazaji, mwenye akaunti ndiye mwenye mkataba, na mwenye mkataba ndiye anayelipwa. Wakikosana, au simu ikipotea, mwanamuziki hana la kumwonesha msambazaji ila sauti yake mwenyewe.

Fedha anazolipwa msambazaji kwa kawaida ni za rekodi. Fungu la utunzi hupita njia nyingine, kupitia vyombo vya ukusanyaji au mawakala wa watunzi, na msanii ambaye hakujiunga popote huliacha huko. Tena kuna vizingiti. Tangu mwaka 2024, Spotify hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita. YouTube hugawana mapato ya matangazo na chaneli yenye wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka, au idadi iliyowekwa ya watazamaji wa video fupi. Mapato ya watazamaji walioko Marekani hukatwa kodi ya huko, na kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo, makato yanaweza kufika asilimia 30. Haya yanajulikana mapema, na ni bora mwanamuziki ayajue kabla ya kukopa fedha za video.

Kuhusu miito ya simu, yaani wimbo anaousikia mpigaji akisubiri kupokelewa, shauri la AY na MwanaFA dhidi ya kampuni ya Tigo linafaa kukumbukwa. Wasanii hao walilalamikia matumizi ya nyimbo zao kama miito, na mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni mbili. Shauri lilikwenda katika rufaa, nalo lilikuwa limeanza miaka kadhaa nyuma. Kwa mwanamuziki wa Njombe, fundisho si ukubwa wa kiasi kile. Muhimu ni kwamba matumizi ya aina hii huhitaji ruhusa yake mahususi, na kwamba kampuni za kati zinazokusanya nyimbo kwa ajili ya mitandao ya simu zisisainiwe mkataba bila kusoma kifungu cha muda na cha taarifa za mauzo. Asiyepewa taarifa ya idadi ya waliojiunga na mwito hana namna ya kujua kama alicholipwa ni sahihi.

Vile vibanda vya memori kadi ndivyo vigumu zaidi. Sheria sasa inatambua tozo ya hakimiliki kwa vifaa vya kunakilia kazi, ambayo sehemu yake imekusudiwa wenye kazi. Lakini kumfuata kijana mmoja mmoja wa stendi ni gharama isiyorudi, na sioni busara ya mwanamuziki kuanzia hapo.

6.0 Kwaya: kazi ya wengi, jina la nani?

Mkoani Njombe, mjadala wowote wa mirabaha unaoiacha kwaya kando umeacha sehemu kubwa ya muziki unaosikika. Kwaya ina mwalimu anayetunga, waimbaji 30 au 40, mpiga kinanda, na usharika au parokia iliyochangisha fedha za studio. Baada ya miaka mitano, nusu ya waimbaji wameoa, wameolewa, au wamehamia mjini mwingine kikazi. Video bado inatazamwa. Nani mwenye haki?

Jibu la kisheria haliko mbali na lile la sehemu ya pili: utunzi ni wa mwalimu, uimbaji ni wa wanakwaya, na rekodi ni ya aliyeigharimia. Ugumu uko katika utekelezaji. Kwaya nyingi hazina usajili wake wala akaunti ya benki yenye jina lake, hivyo chaneli ya YouTube hufunguliwa kwa jina la mwanakwaya mmoja mwenye simu nzuri. Njia nyepesi ni muhtasari wa kikao: kwaya ikutane kabla ya kurekodi, ikubaliane kwamba rekodi ni ya kwaya chini ya usharika, mapato yaingie akaunti ipi, na mwalimu abaki na utunzi wake. Muhtasari usainiwe na mwenyekiti, katibu na mwalimu, na nakala ibaki ofisi ya kanisa. Mwalimu anayeamua kutoa utunzi wake kuwa sadaka ana uhuru huo, lakini sadaka nayo huandikwa, la sivyo watoto wake na kanisa wataisimulia kwa namna mbili.

Aidha, wimbo wa zamani wa kitabu ambao mtunzi wake alifariki zaidi ya miaka 50 iliyopita uko huru. Kwaya inaweza kudai mpangilio wake mpya na rekodi yake, si wimbo wenyewe. Tafsiri ya Kiswahili ya wimbo huo, hata hivyo, inaweza kuwa bado na mwenyewe. Nyimbo za jadi za Kibena zinazoingizwa katika albamu si mali ya mtu mmoja, na matumizi yake ya kibiashara yako chini ya sehemu ya sheria inayolinda sanaa za jadi, ambayo msimamizi wake ni BASATA. Kuzisajili kama utunzi binafsi ni kosa, japo hufanyika.

7.0 Baada ya mtunzi

Haki za kiuchumi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa maana hiyo, mwalimu wa kwaya akifariki leo akiwa ameacha mtoto wa miaka 10, mtoto huyo atakuwa na miaka 60 haki zitakapokoma. Hata hivyo, mlipaji hatamlipa mtoto kwa sababu tu anafanana na baba yake. Atataka barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na msimamizi atalazimika kuonesha ni nyimbo zipi. Hapo familia nyingi hukwama, kwa kuwa nyimbo zilikuwa kichwani mwa marehemu na kwenye simu iliyokwisha kuuzwa.

Daftari la kawaida la shule linatosha kuzuia hilo. Kwa kila wimbo iandikwe: jina la wimbo, mwezi na mwaka uliotungwa, kwaya au msanii aliyeurekodi, studio, asilimia za washiriki, msimbo wa ISRC, namba ya usajili wa COSOTA, na barua pepe ya akaunti ya msambazaji. Nakala ya pili iwe mikononi mwa mtu ambaye si mwanamuziki.